Kimo cha Kiongozi wa Chama

Kila Jumanne saa tatu asubuhi Alnashir Virani alifungua gazeti kwenye ukurasa wa kura za maoni, akasoma tarakimu, akachukua chaki na kuanza kupunguza suruali ya kiongozi wa chama. Hakuwa na haja ya kumsubiri mteja. Wapiga kura wasioridhika wakiongezeka kwa asilimia mbili, miguu ilipungua inchi moja na robo, mikono nusu inchi, na mgongo wa koti ulihitaji kubanwa kidogo. Mwanzoni alikuwa akipima kwa tepu kila wiki. Baadaye aliona kwamba gazeti na tepu vinasema neno moja, akaacha kujisumbua.

Duka lake lilikuwa Wembley, London, kwenye mtaa wa maduka ya sari na dhahabu, ubavuni mwa duka la Vijay muuza sambusa na mithai. Alizaliwa Tanga, mtoto wa fundi. Serikali ilipotaifisha nyumba za watu mwaka 1971, baba yake alifunga virago, akaja Uingereza na wanawe watatu, cherehani mbili na mkasi mmoja. Tangu siku ile Alnashir hakuwahi kugombana na serikali yoyote, wala na mtu yeyote anayeweza kuwa serikali kesho. Mikono yake ilikuwa myepesi, na ulimi wake ulikaa mahali pake.

Chama chenyewe kilikuwa kimeshindwa uchaguzi mkuu wa Mei 2005. Kiongozi wake alijiuzulu asubuhi iliyofuata mbele ya kamera, mkewe akimshikia mwavuli, na mwezi wa Julai wanachama wakamchagua Bwana Gerald Tolland, mbunge wa jimbo moja la mashambani, mrefu wa futi sita, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Wiki ya tatu alianza kupungua. Chamani hakuna aliyeshtuka, maana wawili waliomtangulia walipungua vilevile. Kinachompunguza kiongozi ni watu kumchoka. Akichokwa na mpiga kura aliye mbali, upungufu ni mdogo sana, na huonekana tu watu wakifika maelfu. Akichokwa na mpiga kura aliyesimama mbele yake, uso kwa uso, tepu inaona papo hapo.

Chama kilikuwa na desturi ya suti moja. Kiongozi alishonewa suti ya buluu siku ya kwanza, na hakuruhusiwa kununua nyingine mpaka aondoke, kwa sababu kununua suti ndogo ni kukiri. Kwa hiyo suti ilipunguzwa. Fundi wa kwanza, wa katikati ya jiji, alipeleka habari gazetini. Ndipo Jennifer, msaidizi wa kiongozi, mwanamke mwembamba mwenye simu mbili, alipotafuta fundi katika mtaa ambao mwandishi wa habari haji siku ya Jumanne. Alipanda treni hadi Wembley, akaingia duka la kwanza lenye cherehani dirishani.

Kazi ya mkono pale dukani, yaani vifungo, bitana na mapindo, ilifanywa na Marie-Claire, mwanamke wa Uvira, Kongo, mwenye miaka arobaini na moja. Aliishi Lewisham, upande wa pili wa jiji, akibadilisha treni mara mbili na basi moja ili afike. Yeye na Alnashir walizungumza Kiswahili kutwa nzima, mmoja cha Tanga na mwingine cha Uvira, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake amekiharibu. Hilo halikuwazuia kuelewana. Alnashir alimwita Mama Miradie, kwa jina la bintiye, ingawa yeye hakuwahi kumwona binti huyo.

Marie-Claire naye hakuwa amemwona kwa miaka saba. Vita vilipofika Uvira mwaka 1998 walikimbia kwa njia mbili, mama njia moja, na mtoto na shangazi njia nyingine. Shangazi na mtoto wakaishia kambini Nyarugusu, Kigoma. Mama akaishia London, akapewa hifadhi. Shangazi alifariki mwaka juzi. Sasa Miradie alikuwa peke yake katika nyumba ya turubai, na kila Jumapili mama yake alinunua kadi ya simu, akampigia kwa jirani mwenye simu. Msichana alizungumza kwa adabu, kama watoto wanavyozungumza na mgeni aliyewaletea zawadi. Alisema anaendelea vizuri, anazidi kurefuka, na kwamba magauni ya mwaka jana amempa mtoto wa jirani.

Ofisi ya vibali ilikuwa imekubali maombi ya Marie-Claire ya kumleta bintiye, ikabakiza jambo moja. Ilitaka barua ya mtu mwenye wadhifa anayemfahamu mama, anayethibitisha kwamba ana kazi na ana chumba. Barua ifike kabla ya tarehe kumi na nne Novemba, siku ambayo Miradie angetimiza miaka kumi na minane. Kuanzia siku hiyo angehesabiwa mtu mzima, na mtu mzima hana mama kwenye fomu zile. Marie-Claire alijua wenye wadhifa wawili. Mmoja alikuwa mchungaji wa kanisa lake, ambaye ofisi haikumtambua kwa kuwa ibada zake zilifanyika ghorofani juu ya duka la mazulia. Mwingine alikuwa anasimama juu ya kistuli kila Jumanne.

Alimwomba Septemba tarehe kumi na tatu, akimshonea kifungo cha mkono wa koti. Bwana Tolland wakati huo alikuwa futi nne na nusu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza jina la binti, akaomba alirudie ili alitamke vizuri. Kisha akasema bila shaka ataandika, na papo hapo akajaza jina lake kwenye fomu, mahali pa mdhamini. Tumtendee haki: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwepesi wa kukubali, na kwa mwombaji hilo linafanana sana na wema.

"Fomu nimeisha tuma," Marie-Claire alimwambia Alnashir siku ya pili. "Sasa inabaki barua tu, Papa."

"Basi umuhimize," Alnashir alisema. "Wiki hii wamempa asilimia ishirini na sita."

Oktoba tarehe nne Vijay alileta chai na sambusa, kama alivyofanya kila kulipokuwa na mteja mkubwa. Bwana Tolland alikuwa futi tatu kamili, amesimama juu ya kistuli kilichowekwa juu ya meza. Vijay alimtazama, akaweka sinia chini, akajifuta mikono. Alisema kwamba amekipigia kura chama hicho tangu alipokuwa kijana, mvua ikinyesha na jua likiwaka, na kwamba mwaka huu amewasikiliza wote na hakumbuki hata neno moja walilosema. Alisema hana ugomvi, ila amechoka. Alnashir, aliyekuwa na tepu mkononi, aliona suruali ikishuka upana wa vidole viwili na kulalia viatu.

"Sukari unaweka?" Vijay aliuliza, na Bwana Tolland akasema kijiko kimoja.

Barua haikuandikwa wiki ile, kwa kuwa Jennifer alikuwa na simu mbili na zote zililia. Haikuandikwa wiki iliyofuata, kwa kuwa kulikuwa na mkutano mkuu wa chama huko pwani. Jumanne ya Oktoba kumi na nane Bwana Tolland alifika akiwa amebebwa kwenye mfuko wa nguo, kichwa kikichungulia penye zipu. Alikuwa futi mbili kasoro kidogo. Hakungoja kuombwa. Alimwambia Marie-Claire alete karatasi yoyote nyeupe na kalamu, ataandika sasa hivi, asaini, amalize.

Na hapa ndipo Marie-Claire alipokosea, kosa ambalo Mwingereza asingelifanya hata kwa kulipwa. Aliitazama ile karatasi nyeupe ya kupigia vipimo, mistari ya chaki ikiwa bado upande wa nyuma, akaona aibu. Alikotoka, saini ni mapambo. Kila mtu ana mkono, kila mtu anaweza kuchora mkia wa panya mwishoni mwa ukurasa. Kinachoifanya barua kuwa barua ni muhuri, na mihuri ikiwa miwili ni bora, na ikiwa mitatu hakuna askari wa kuisimamisha njiani.

"Hapana, Papa," alimwambia Alnashir. "Mumwambie asubiri. Barua bila muhuri ni bure. Kwetu hata cheti cha kifo kikikosa muhuri, mutu hajakufa bado."

"Mama Miradie, mwache asaini. Hawa hawataki muhuri."

"Wanasemaka hawataki, kisha wanakukatalia. Ninawajua watu wa bureau. Mimi nitaandikisha barua propre, safi, kwa mashine, niweke mihuri, aje asaini mardi ijayo. Siku saba tu."

Alnashir mwenyewe alikuwa mtu wa Tanga, amelelewa kuambiwa kwamba haraka haraka haina baraka, na akalisema hilo, na wote wawili wakatikisa kichwa. Methali hiyo imewazika wengi. Bwana Tolland alipofasiriwa alifunika kalamu, akasema Jumanne haina neno.

Marie-Claire alifanya kazi wiki nzima kama anayeandaa harusi. Raïssa, muumini mwenzake aliyefanya usafi kwenye ofisi ya wanasheria, alimchapia barua kwa mashine ya ofisi, Kiingereza kilichonyooka, tarehe ikiwa juu kulia. Mchonga mihuri wa Lewisham alimtengenezea muhuri wa duka la Alnashir, wenye mkasi katikati. Jennifer alimpa muhuri wa chama bila kuuliza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiutumia. Uliobaki ni muhuri wa kanisa, ambao Mchungaji Fortunat aliuweka kwenye sanduku la Meza ya Bwana na hakuutoa ila Jumapili. Barua ikalala kwa mchungaji. Marie-Claire alikuwa na furaha, na hakuificha. Ijumaa alinunua kitanda cha pili, cha kukunja.

Jumamosi ya Oktoba ishirini na mbili, saa tano asubuhi, alikwenda sokoni Lewisham kununua mihogo. Bwana Tolland alikuwa pale. Chama kilikuwa kimeamua kwamba kiongozi asikae ndani, aonekane na watu, na Jennifer alikuwa amemsimamisha juu ya kreti la viazi, kati ya muuza samaki na muuza mashuka. Alikuwa ameshika kipaza sauti kikubwa kuliko mkono wake, akizungumza juu ya mwanzo mpya. Watu walisimama. Si kwa ajili ya kimo chake, hicho walikuwa wamekwisha kukiona kwenye televisheni. Walisimama kwa sababu walikuwa na maneno yao, na kwa muda mrefu hawakuwa na mtu wa kumwambia.

Mzee mmoja mwenye medali kwenye koti alisema amekipa chama kura kumi na tatu, na anazitaka zirudi. Kiongozi alipungua chini ya kipaza sauti. Dereva wa basi alisema yeye hakupiga kura kabisa mwezi Mei, alilala, na alipoamka hakuwa na majuto. Mwanamke mnene mwenye fimbo, aliyekuwa akingoja kupasuliwa goti, alijipenyeza mbele akachukua zamu yake.

"Mnabadilisha viongozi kama watu wanaobadilisha soksi," alisema, "na miguu ni ile ile."

Watu wakacheka, na kicheko kilimpunguza kuliko maneno. Marie-Claire aliona koti la buluu likijikunja lenyewe, mikono ikimeza vidole. Aliangusha mihogo. Alipita katikati ya watu akimshika kila mtu mkono, akiwaomba kwa Kiingereza chake wanyamaze kidogo. Alimfikia yule mwanamke mwenye fimbo.

"Please, mama, subiri," alisema. "Mukasirike mardi. Tuesday. Tuesday mchana, anipe saini yangu, kisha mukasirike vile munataka."

Mwanamke alimtazama bila ubaya. Alimjibu kwamba amesubiri miaka minane, na goti lake halina Jumanne. Kisha akamgeukia tena kiongozi, akaendelea, na nyuma yake foleni ilikuwa ndefu hadi kituo cha treni. Kila aliyekuwa pale alikuwa na haki yake. Walimaliza saa saba, mvua ilipoanza, na Jennifer akakitikisa kile kipaza sauti ili kuhakikisha kwamba hakuna mtu ndani. Alimpata kiongozi chini ya jani la kabichi.

Jumanne alikuja kwenye kasha la miwani. Alikuwa na urefu wa kidole cha shahada, na ile suti Alnashir alikuwa ameipunguza usiku kucha kwa sindano ya shanga, akitumia lenzi ya sonara wa jirani. Barua ilikuwa mezani, safi, na mihuri mitatu: buluu, nyekundu na zambarau. Wa kanisa ulikuwa na njiwa. Bwana Tolland alitembea juu ya barua kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, mikono nyuma, akiisoma, na alipofika chini alisema kwa sauti ambayo Marie-Claire aliisikia kwa kuinamisha sikio kwamba ni barua nzuri sana, labda nzuri kuliko zote alizowahi kusaini. Akapewa sindano iliyochovywa kwenye wino. Aliishika kwa mikono miwili kama mtu anayepiga kasia, akaandika jina lake lote, Gerald Arthur Tolland, bila kuruka herufi. Alitokwa na jasho. Alipomaliza, pale chini ya ukurasa palikuwa na alama sawa na chembe ya ufuta iliyovunjika nusu.

"Ameweka?" Marie-Claire aliuliza.

Alnashir alitazama kwa lenzi. "Ameweka. Mwandiko mzuri."

Barua ilirudi tarehe tatu Novemba, na karatasi iliyobanwa juu yake ikisema haikusainiwa. Siku iliyofuata Marie-Claire aliomba ruhusa, akachukua lenzi ya sonara, akapanga foleni ofisini tangu saa moja. Karani aliyempokea alikuwa kijana mstaarabu. Aliisoma barua, akaisifu mihuri, akaita mwenzake aje kumwona njiwa. Kisha akachukua lenzi, akaangalia mahali alipoonyeshwa, akakubali kwamba anaiona saini na kwamba inasomeka. Lakini mwongozo wake, alisema, unataka saini inayoonekana kwa macho, na lenzi si macho. Mihuri je? Mihuri haikuhitajika. Marie-Claire aliuliza kama anaweza kuleta barua ya mtu mwingine mwenye wadhifa. Karani alifungua faili, akaona jina la mdhamini, akasema faili moja lina mdhamini mmoja. Ila kama mwenye wadhifa sawa na wa mdhamini angeandika mstari mmoja tu, kwamba saini ile ndogo ni ya Bwana Tolland kweli, mwongozo ungeridhika. Alimtakia siku njema, naye alimaanisha.

Bwana Tolland mwenyewe alikuwa amekwisha jiuzulu, Alhamisi ya wiki iliyotangulia. Hotuba yake ilisomwa na Jennifer kwa kuwa kipaza sauti hakikumpata. Viongozi wastaafu chama huwaweka kwenye kabati la vioo makao makuu, rafu ya pili, penye joto, na hurefuka tena polepole kadiri watu wanavyowasahau. Baada ya miaka mitano au sita huwa wamefika kimo chao cha zamani, wakapewa cheo cha heshima na kuandika vitabu. Lakini kwa Novemba ile alikuwa bado ni kidole, na mchana alilala. Wabunge wa chama hawakutaka kuwasumbua tena wanachama kwa uchaguzi, wakamchagua wao wenyewe Bwana Alexis Fenwick.

Jumapili Marie-Claire alipiga simu Nyarugusu. Hakusema kitu kuhusu barua. Miradie alimuuliza kama ni kweli kwamba huko mtu akiwasili uwanja wa ndege hupigwa picha ya macho, na kama macho mekundu yanakatazwa, maana moshi wa kuni umemsumbua. Mama alimwambia hayakatazwi. Kadi ikaisha. Marie-Claire alikaa kwenye kitanda cha kukunja akalia, kilio cha sauti, mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Tarehe nane, Jumanne, Bwana Fenwick alisimama juu ya kistuli kwa mara ya kwanza. Alikuwa futi sita na inchi mbili. Suti ilikuwa mpya, bado ina uzi mweupe wa kushikizia, na Alnashir alikuwa amepiga magoti na pini midomoni, akipima pindo la mguu wa kulia. Zilikuwa zimebaki siku sita. Marie-Claire aliweka chini koti alilokuwa akilitia bitana, akaja mbele na barua na lenzi, akaomba ule mstari mmoja. Alieleza yote kwa utaratibu, kwa Kiingereza alichokifanyia mazoezi kwenye treni. Tarehe aliitaja mara mbili.

Bwana Fenwick aliichukua lenzi na kutazama. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na nywele zilizochanwa vizuri. Alisema ni wazi kwamba hiyo ni saini ya mtangulizi wake, angeijua popote. Kwa bahati mbaya amewaahidi wanachama mwanzo mpya, na kigezo cha kwanza cha mwanzo mpya ni kwamba mambo ya uongozi uliopita yabaki kwa uongozi uliopita. Akianza na barua moja zitakuja nyingine. Alisikitika sana. Akamrudishia barua, kwa mikono miwili.

Marie-Claire hakuichukua. Alimtazama usoni, na Kiingereza kikamwishia, akasema kwa lugha yake, taratibu, bila kupiga kelele, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

"Mutoto wangu iko muzima," alisema, "na ninyi munamuzika. Ule wa kwanza alikuwa mudogo lakini alijaribu. Weye uko murefu, na kalamu iko kwenye mufuko yako ninaiona. Ninakuchukia. Kwa roho yangu yote ninakuchukia, na Mungu anisikie."

Alnashir aliondoa pini za pindo haraka, kwa mazoea, ili kitambaa kiwe huru kushuka. Bwana Fenwick alitazama viatu vyake. Jennifer naye alitazama, simu zote mbili zikiwa kimya mkononi. Dukani palisikika pasi tu, ikitoa mvuke.

Hakuna kilichoshuka. Alnashir alinyoosha tepu kutoka kisigino hadi kiunoni, akasoma, akanyoosha tena. Ilikuwa vilevile, hata unene wa uzi haukupotea. Bwana Fenwick alivuta pumzi, akamuuliza Marie-Claire kwa upole anatoka nchi gani. Kongo, akasema Jennifer, kabla yake. Bwana Fenwick akasema, ah. Mtanzania au Mkenya aliyehamia juzi na vibali vyake anaweza kuandikishwa kupiga kura, kwa kuwa kwao palitawaliwa na Waingereza. Kongo palitawaliwa na wengine. Chuki ya Marie-Claire ilikuwa kubwa kuliko ya soko zima la Lewisham, lakini haikuwa imeandikishwa mahali popote.

Alielewa kabla hajaelezwa. Akamgeukia fundi pale chini.

"Papa Alnashir," alisema, "weye unapigaka kura?"

"Tangu sabini na nne," Alnashir alisema, pini zikiwa midomoni. "Kila uchaguzi. Sijakosa hata mmoja."

Marie-Claire akainama. Alishika magoti yake, akalitazama pindo kwa karibu, kwa jicho la mtu ambaye kazi yake ni mapindo. Lilikuwa limegusa kiatu pale pale lilipokuwa limegusa mwanzo.

Alnashir naye alilitazama. Alimhurumia Mama Miradie, alimhurumia mpaka kifua kilimuuma, na akajaribu kuigeuza huruma hiyo iwe hasira, akajaribu kwa dhati, kwa muda wote ambao pasi ilihitaji kupoa. Lakini mteja alikuwa mpole, alimwita Bwana Virani, na kesho angeweza kuwa serikali. Kitambaa kilining'inia kimenyooka, bila mkunjo.

"Nipe chaki, Mama Miradie," alisema.

Akampa.